Mlango wa Pili wa Banda la Homa

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa ndoo. Sikuwa nimekuja kutafuta kazi, nilikuwa nimekuja kuuza nyasi. Nilishuka kutoka Kondoa na asali na samli, nikazimaliza pale Dodoma karibu na stesheni, na kwa kuwa sipendi kurudi nyumbani mikono mitupu nikaingia katika biashara ya nyasi za kuezekea. Hospitali ya watu wa reli ilikuwa inajengwa. Aliyenunua nyasi alikuwa Sajini wa Dawa, Mjerumani mfupi mwenye shingo nyekundu, aliyesimamia kila kitu ambacho Bwana Daktari hakutaka kukigusa. Tulibishana juu ya unene wa mzigo. Yeye alitaka upimwe kwa kamba yake, mimi kwa yangu. Mwishowe tukakubaliana kutumia kamba ya mtu wa tatu, mpishi, ambaye nilikuwa nimekwisha kuzungumza naye asubuhi. Sajini hakuwa mjinga. Alimtazama mpishi, akanitazama mimi, akacheka, akasema mtu wa namna hii afadhali awe upande wake, akaniandika kazi palepale.

Kazi yenyewe, kulinda hospitali isishike moto, haikuwa na jina katika Kiswahili. Kwa Kijerumani ilikuwa neno moja refu kama treni, na kila nilipojaribu kulitamka Sajini alifumba macho. Watu wakaniita Bwana Ndoo, nikaacha iwe hivyo. Nilionyeshwa ndoo zilizopangwa kando ya kuta, nusu zina maji, nusu zina mchanga, nikaambiwa nizihesabu. Nikazihesabu. Kisha nikazihesabu tena, maana hiyo ndiyo tabia yangu tangu nikiwa muuza asali, na mara ya pili ndoo moja ilikuwa imepungua. Tuliikuta jikoni, imejaa mchicha. Sajini akasema, “Sasa umeielewa kazi.” Na kweli nilikuwa nimeielewa. Katika miaka yote niliyoifanya, adui wa ndoo ya moto hakuwa moto. Alikuwa mpishi, dobi, na yeyote mwenye kiu. Dodoma maji hayakuwa kitu cha kuachwa kimesimama kikitazamwa. Visima vilipokauka yaliletwa kwa tangi la treni, na mama mwenye mtoto mgongoni hawezi kuambiwa kuwa maji yaliyo mbele yake ni ya moto ambao bado haujawaka.

Ninyi mnaofanya kazi hospitalini sasa mna mabomba ukutani na mnadhani yaliota yenyewe. Sisi tulikuwa na vitu hivi: ndoo, mapipa, pampu ya mkono inayosukumwa na watu wawili, ngazi, na kulabu, yaani mti mrefu wenye chuma kilichopinda mwishoni, wa kuvutia nyasi zinazowaka zianguke chini kabla moto haujala paa lote. Kengele yetu ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa mtini. Kila kiangazi nilifyeka ukanda mpana kuzunguka hospitali, ili moto wa porini ukifika ukose cha kula. Na kati ya banda na banda tuliacha uwazi, ili likiungua moja lisimwite mwenzake. Hayo yote Wajerumani walikuwa wameyaandika vizuri. Sijawahi kuona watu wanaojua moto kiasi kile.

Lakini kosa lilikuwa juu ya vichwa vyetu. Mgogo anajenga tembe: kuta za miti na udongo, paa bapa la boriti na fito, juu yake udongo tena. Ndani ya tembe moto unakaa usiku kucha na hakuna anayeufikiria, kwa sababu udongo hauungui. Bwana Daktari alikataza tembe hospitalini. Sababu yake ilikuwa nzuri, na sitaki mseme nimemwonea. Katika nyufa za tembe wanakaa papasi, kupe wa nyumbani, na papasi wanaleta homa inayoondoka na kurudi mpaka mtu anabaki ngozi. Alitaka jengo jeupe lenye sakafu ngumu na paa la juu. Mabati yaliposhushwa kutoka kwenye treni yalitosha stesheni, yalitosha ghala, yalitosha nyumba za Wazungu. Ilipofika zamu yetu yalikuwa yamekwisha. Basi tukaezeka kwa nyasi zangu, tukapata banda lisilo na papasi na linaloweza kuwaka kama kiberiti.

Na Wagogo waliolazwa mle wakaliishi kama tembe. Wangeliishije vingine? Ni nyumba, ina ukuta, ina paa. Kwao mgonjwa haachwi bila moto karibu yake. Mgonjwa asiye na moto ni mtu ambaye ndugu zake wamekwisha kumtoa katika hesabu. Kila mke na kila mama aliyekuja kumuuguza mtu wake aliingia na kaa jekundu ndani ya kigae, akapanga mafiga matatu kando ya kitanda. Nilikuwa nikipita nikimwaga maji. Nikigeuka, moshi unapanda tena nyuma yangu.

Banda nililoliogopa kuliko yote lilikuwa Banda la Homa. Ninyi mngeliita wodi. Lilikuwa refu, lina vidirisha vya juu ambavyo paka angepita kwa shida, na mlango mmoja tu, upande wa mashariki. Mlango huo ulifungwa kwa kufuli nje. Waliolazwa mle wengi walikuwa watu waliokamatwa na majumbe vijijini wakatie reli kokoto, na mtu wa namna hiyo akipata nafuu kidogo hasubiri kuambiwa amepona. Anakwenda kwao. Ufunguo ulikaa na askari.

Bwana Daktari alikuwa mtu mrefu, mkimya, mwenye kikohozi ambacho mwenyewe hakukitibu. Nilipomwendea juu ya mlango ule nilikuwa nimejiandaa kubishana, sikupata nafasi. Alijua zaidi yangu. Aliniambia kwamba kwao jengo lenye mlango mmoja lisingepewa hata ng'ombe. Alikuwa ameomba mlango wa pili zaidi ya mara moja, akaonyesha kwa kidole upande wa boma, akarudi kwenye chupa zake. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba kuna watu wanaojua kila kitu, na kujua kwao hakusukumi hata kokoto.

Pale bomani alikuwapo Bwana Shauri, hakimu na mkuu wa wilaya kwa pamoja. Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko changu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kisha akasema, “Mlango wa kuingilia wanao. Huo wa pili ni wa kutorokea.”

Nilirudi kwake mara nyingine. Sikurudi na maneno ya huruma, kwa sababu hayo hakuwa na pa kuyaweka. Nilirudi na ua. Nilimwambia tutajenga ua wa miiba nyuma ya banda, mlango wa pili ufungukie ndani ya ua huo. Atakayetoka atakuwa ametoka kwenye moto lakini hajatoka mikononi mwa serikali. Hapo akaweka kalamu chini. Bwana Shauri alipenda biashara ambayo hakupoteza kitu. Akasema fundi autengeneze mlango kwanza, yeye auone, ndipo atoe ruhusa ya kutoboa ukuta.

Sasa nimtaje Nyemo, kwa sababu bila yeye mlango huu ni mbao tu.

Nyemo alikuwa mke wa Matonya wa Mkonze. Matonya alikuwa kuli wa reli, mtu wa mabega mapana ambaye homa ya papasi ilimfanya afanane na kanzu iliyotundikwa. Kitanda chake kilikuwa cha mwisho kabisa, magharibi, mbali na mlango. Nyemo alikuwa na moto mkaidi kuliko wote. Wengine nikiwamwagia maji walinung'unika. Yeye aliniangalia nikimwaga, akanishukuru, akawasha tena. Mimi Mrangi na yeye Mgogo ni watani, na mtani hana haya. Aliniuliza mbele ya wagonjwa wote kama kweli Warangi huuza mpaka kivuli chao, na kama ndivyo, mimi changu nilikiuza kwa nani, maana mchana kutwa ananiona nimejificha ndani ya mabanda. Nikamjibu kwamba kivuli changu kilinunuliwa na Mgogo, na mpaka leo sijalipwa. Matonya alicheka mpaka akashikilia mbavu. Ilikuwa mara ya kwanza nasikia mtu akicheka katika banda lile.

Siku ile nikakaa chini tukapatana. Nilimwambia tunataka kufungua mlango nyuma, karibu kabisa na kitanda cha mume wake. Yeye atauweka moto wake nje, uani, mbele ya mlango ule. Matonya atalala akiuona, joto litamfikia, na nyasi za juu zitabaki nyasi. Alifikiri. Akauliza mlango uko wapi. Nikasema kwa fundi. Akauliza kama nimeuona kwa macho au nimeusikia kwa masikio. Nikampeleka karakana, akauona. Fundi alikuwa anapiga randa ubao wa mninga. Nyemo akapitisha kiganja juu ya mbao kama mtu anayenunua ng'ombe.

“Moto wangu nitauzima leo,” akasema. “Kwa ajili ya mlango huu, si kwa ajili yako. Wewe ni Mrangi.”

Akauzima. Na kwa kuwa aliyekuwa mkaidi kuliko wote amezima, wengine nao wakazima. Kwa mara ya kwanza tangu lijengwe, Banda la Homa halikuwa na moto ndani. Usiku, katika baridi ya uwanda huu, Matonya alitetemeka chini ya mablanketi mawili, moja likiwa langu, na mke wake akawa ananiuliza kila asubuhi badala ya salamu: “Mtani, mlango?” Nami nikijibu, “Unakuja.”

Mlango ulikwisha. Ulikuwa mzuri. Bwana Shauri akaja akautazama, akaugonga kwa fimbo yake, akasema vema. Fundi akachora umbo lake ukutani kwa mkaa, magharibi, ajue pa kutoboa. Ndipo ikaja habari kwamba Daktari Mkuu wa serikali anatoka Dar es Salaam kwa garimoshi kuja kukagua hospitali zote za njiani, na hasa atatazama usalama wa moto. Kuta zote zikaamriwa zipakwe chokaa. Sajini akaniambia hawezi kutoboa ukuta mpya mweupe mgeni akiwa njiani, akaona mavumbi na tundu. Baada ya ugeni. Chokaa ikapita juu ya mchoro wa mkaa, lakini mkaa haufichiki kwa mkono mmoja wa chokaa; ukitazama sana uliuona bado, kama mlango wa kivuli. Mlango wenyewe ukalazwa ghalani. Nyemo aliponiuliza, nikamwambia baada ya ugeni. Akasema, “Hivi sisi si wageni?”

Siku ya ukaguzi hospitali ilikuwa imepambwa kama bibi harusi. Ndoo zote, zikiwemo za Banda la Homa, zilipakwa rangi nyekundu zikapangwa mstari mmoja mbele ya nyumba ya Daktari, ambako mgeni angeziona. Nilisema zirudi mahali pake. Nikaambiwa zitarudi. Tulikuwa tumejenga pia kibanda cha mfano uwanjani, cha fito na nyasi, ili tukichome na kukizima mbele ya mgeni, aone ustadi wetu. Zoezi hilo lilipangwa asubuhi mapema. Ukikaa Dodoma unajua sababu: asubuhi kumetulia, lakini jua likipanda, upepo wa mashariki unaamka na vumbi linatembea kama watu.

Garimoshi likachelewa. Mgeni alifika jua likiwa utosini. Nilimwendea Sajini, nikamwambia kibanda kiko mashariki mwa mabanda yote na upepo unatoka huko huko. Tukichome kesho asubuhi. Alikuwa amevaa sare yake nzuri na jasho lilikuwa linamtiririka. Hakunikasirikia. Alisema, “Bwana Mkubwa anaondoka leo. Hakuja kutazama upepo.”

Basi kila mtu aliyeweza kusimama akatolewa nje kwenye gwaride. Katika walioweza kusimama hawakuhesabiwa wale wa Banda la Homa, ambao walifungiwa, ili mgeni asione mifupa na wao wasione njia. Wake zao waliwekwa nyuma ya kamba. Askari mwenye ufunguo alikuwa katika mstari wa heshima, bunduki begani, macho mbele. Nilipita bandani kabla ya kufuli kufungwa. Niliweka kiganja changu juu ya mafiga ya kila kitanda, kimoja kimoja, kisha nikarudia. Majivu yalikuwa baridi kama unga. Matonya akaniambia nimsalimie mgeni, nimwambie kwamba hapa kuna mtu mmoja anasubiri mlango.

Kibanda kilimwagiwa mafuta ya taa, kikawashwa. Nikapiga reli, watu wakakimbia na pampu, na sitasema uongo, tulikizima vizuri mno. Pipa zima la maji lilikwisha juu ya kibanda kisicho na mtu. Daktari Mkuu akapiga makofi, na Wazungu wote wakapiga makofi.

Wakati huo nyasi zilizokuwa zikiwaka zilikuwa zimekwisha kuruka. Niliziona zikipita juu ya vichwa vyetu, ndogo, nyekundu, hazina haraka. Uwazi tulioacha kati ya jengo na jengo ulipimwa na watu wenye akili, lakini waliupima siku isiyo na upepo. Paa la Banda la Homa lilishika moto upande wa mashariki, juu ya mlango.

Nikapiga reli tena. Wazungu wakadhani ni sehemu ya pili ya zoezi, wakapiga makofi tena.

Yaliyofuata nayasema kwa ufupi. Askari alisubiri amri mpaka Sajini alipompigia kelele. Alipofika na ufunguo, mlango ulikuwa umejaa moto kutoka juu mpaka chini na hakuna aliyeweza kuusogelea. Ndoo zilikuwa kule mbele, nyekundu, nzuri, nusu zake zikiwa zimekwisha kumwagwa kwenye kibanda. Nilichukua kulabu na fundi akachukua shoka, tukakimbia nyuma. Moshi ulikuwa unatoka kwenye nyasi, ukuta ni mweupe, na mchoro wa mkaa ulikuwa unaonekana chini ya chokaa. Tulipiga palepale ulipochorwa. Kumbe miti ya ukuta ule nilikuwa nimeipatania bei mimi mwenyewe, nikakataa myembamba, nikachagua minene. Tulipotoboa tundu la kupita mtu, wakatoka wakitambaa, mmoja mmoja, na Nyemo aliyekuwa amevunja kamba ya askari akawa anawavuta kwa mikono na kuwatazama usoni, anamwacha huyu, anamvuta mwingine. Kisha paa likashuka.

Niliwahesabu waliotoka. Walipungua watatu. Nikawahesabu tena polepole, nikitumaini kwa mara ya kwanza maishani kwamba nimekosea. Walipungua watatu. Matonya aliyekuwa karibu kuliko wote na mlango usiokuwepo alikuwa mmoja wao. Aliyetoka wa kwanza alituambia kwamba Matonya hakukaa kitandani. Alikuwa anawasukuma wenzake kuelekea mahali ukuta ulipokuwa unapigwa, maana alijua mlango utakuwa wapi.

Shauri lilisikilizwa bomani mgeni akiwa amekwisha kuondoka. Ilisemwa kwamba moto ulitokana na mafiga ya wanawake, desturi ya wenyeji iliyokatazwa mara nyingi. Nikasimama bila kuitwa, nikasema mafiga yalikuwa baridi na moto ulitoka uwanjani, na watu wote waliokuwepo waliuona ukipita.

“Uliyagusa mafiga?” akauliza Bwana Shauri.

“Niliyagusa, Bwana. Yote.”

“Basi mafiga yalikuwepo.”

Nikatazama upande wa Bwana Daktari. Alikohoa. Sajini alitazama buti zake. Nimepatana na watu wengi katika maisha yangu, wenye samli mbovu na wenye ng'ombe wa wizi, na nilijua kila mmoja anauza nini. Siku ile nilisimama mbele ya watu watatu waliojua ukweli kama mimi, na hakuna aliyekuwa anauza. Ikaamriwa wanawake waliokuwa wakiuguza wabebe mawe ya msingi wa banda jipya. Nyemo alikuwa wa kwanza kutajwa.

Nilikwenda Mkonze siku ya kuondoa matanga. Mnajua kazi ya mtani msibani: awachekeshe wafiwa, achukue kitu cha marehemu akimbie nacho, atoe maneno ambayo kwa mwingine yangekuwa matusi. Nilikaa pembeni kama mgonjwa. Mabega ya Nyemo yalikuwa yamechubuka kwa mawe. Alikuja mpaka nilipokaa.

“Mtani, mbona hunitanii?”

Nikayatazama mabega yake.

“Nilizima moto wangu,” akasema. “Ulichukua moto, ukaniahidi mlango. Sasa kamata kitu, wewe si mtani? Kamata kitu unipe.”

Nikarudi Dodoma kwa miguu, mchana, nikaingia hospitalini kupitia mbele. Nikafungua ghala, nikaita watu wanne, wakaubeba mlango wa mninga mabegani kama jeneza. Sajini akatoka akauliza tunaupeleka wapi. Nikamwambia hospitali imefiwa na mimi ni mtani wake, na kitu mtani anachochukua msibani hakidaiwi. Nadhani hakuelewa hata nusu. Lakini Bwana Daktari alikuwa amesimama dirishani, akasema kwa Kijerumani neno moja fupi, na Sajini akatupisha. Hicho ndicho kitu pekee nilichowahi kumwona Bwana Daktari akikitoa bila kuandika ombi. Tuliufikisha Mkonze jua halijatua.

Mwezi uliofuata nikahamishwa. Hawakusema kwa nini, na mimi sikuuliza. Nilipelekwa Kilimatinde, kwenye hospitali ya boma, chini ya Daktari mwingine aliyependa sana maua, ambaye aliyapanda ndani ya ndoo zangu. Kisha Mpwapwa, chini ya Sajini kijana asiyelala, mtu mwema, tuliyefyeka naye ukanda mpana kuliko wote nilioufanya. Kila nilipofika niliuliza kwanza habari ya milango. Kila mahali nilijibiwa kwamba mwenzangu aliyenitangulia alikwisha kuandika ombi. Vita vilipokuja, hospitali zilijaa majeruhi, mapipa ya maji yakanywewa na farasi, na siku Wajerumani walipoondoka uwanda huu, Sajini yule wa Mpwapwa alinikabidhi funguo zote katika kitambaa na kuniambia nimpe Mwingereza. Nilimpa. Mwingereza akaniuliza kazi yangu ni nini. Nikamwambia nahesabu ndoo. Akasema anaye mtu.

Nilipita Dodoma kabla ya kurudi Kondoa. Banda jipya la Homa lilikuwa pale, zuri, la mabati, lina milango miwili. Nililizunguka. Mlango wa nyuma ulikuwa umezibwa kwa ndani na kabati la dawa. Nilimuuliza mwangalizi, kijana mpole aliyenipa shikamoo, akasema mlango huo hautumiki, mzee. Nikamwambia najua. Ikiwa ninyi mnaosoma haya mna mlango kama huo, msiniambie hautumiki. Nendeni mkausukume. Ukifunguka, sina la kuwafundisha. Usipofunguka, basi mnafanya kazi ileile niliyoifanya mimi, na mnalipwa kama nilivyolipwa.

Kisha nikaenda Mkonze. Nyemo alikuwa amezeeka haraka kuliko mimi, ingawa kwa ulimi hakuzeeka. Alinisalimu, akaniambia Warangi wamepungua bei tangu vita. Tembe lake lilikuwa lilelile, la udongo, bapa, lakini nyuma yake, upande unaotazama porini, ambapo hakuna Mgogo anayeweka mlango, palikuwa na mlango wa mninga. Jirani zake walikuwa wamemcheka miaka yote hiyo, wakimwambia amewafungulia fisi.

“Fisi akiingia nitamwona,” aliniambia. “Lakini huu hauwekwi komeo.”

Alikuwa amewasha moto nje, mbele ya mlango ule, na akaniweka ndani, mahali unapoweza kuuona umekaa. Joto lilinifikia. Kisha akaniambia, “Wewe si ndiwe Bwana Ndoo? Nihesabie milango.”

Nikahesabu. Nikasema miwili.

“Hesabu tena,” akasema.

Nikahesabu tena. Ilikuwa miwili, na aliyekuwa akiusubiri huo wa pili hakuwepo.